Mkaa wa Mia Tano

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi ya Alhamisi, na faili la kesi dhidi ya Bi Pasi lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka saa kumi jioni. Inspekta alikuwa na saa nne na nusu, mvua iliyoanza Jumapili na ikakataa kukoma, na koplo mmoja mwenye mafua.

"Afande, jambo lenyewe liko peupe kama jua la saa sita," Koplo alisema, akijipangusa pua.

"Jua liko wapi?" Inspekta aliuliza, akakunja mwavuli wake, akaingia chumbani.

Kilikuwa chumba cha hatua tano kwa nne, chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Godoro lilikuwa limekunjwa. Mezani palikuwa na madaftari thelathini na mawili yaliyopangwa kwa namba, na kwenye msumari ilining'inia mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia. Katikati ya sakafu ya saruji palibaki duara jeusi. Hapo ndipo jiko la mkaa lilipokutwa Jumatatu alfajiri, limekwisha kuzimika, mlango na dirisha vimefungwa, na mwenye chumba amelala bila kuamka tena. Daktari alisema ni hewa ya mkaa. Marehemu alikuwa na homa tangu Ijumaa, na dawa za homa zilikuwa zimemlaza usingizi mzito.

Mtaa mzima ulimwita Dada Mizani. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, duka kwa duka na kiwanda kwa kiwanda, kupima kila kitu ambacho watu wanachoma, wanawasha, wanapanda na kununua, ili ofisi yake ikokotoe ni kilo ngapi za hewa ya ukaa zinazopanda angani kwa ajili yao. Watu walimcheka. Wengine walimficha makopo yao ya mkaa. Lakini alipokosa kupita siku mbili, walimuulizia.

Sasa alikuwa amekufa kwa kitu kilekile alichokuwa akikipima, na Koplo alikwisha kulitolea hilo utani mara tatu tangu asubuhi.

"Nisomee daftari lake mwenyewe," Inspekta alisema.

Ofisi yao ilikuwa na utaratibu huo: mpimaji hapewi nyumba za watu mpaka aanze na ya kwake. Koplo akalitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni. Alama za vidole hazikuwa na maana tena. Kabla ya kutiwa mfukoni lilikwisha kupita mikononi mwa askari watano pale kituoni, kila mmoja akitafuta kurasa za mapenzi. Hazikuwamo. Kila ukurasa ulikuwa siku moja, na kila ukurasa ulikuwa na safu nne: kitu, kiasi, kimetoka wapi, na ya mwisho kulia yenye maandishi ya chapa juu yake, KWA MATUMIZI YA OFISI.

"Anza na Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Gesi, gramu mia mbili na kumi. Mkaa, sifuri. Umeme, uniti moja na nusu. Mkate, gramu mia nne." Koplo akainua uso. "Hee! Alikuwa anapima mkate?"

"Ijumaa."

"Gesi, gramu mia moja na tisini. Mkaa, sifuri."

"Jumamosi."

"Mkaa, sifuri. Afande, huyu dada hajashika mkaa tangu daftari lianze."

"Jumapili."

"Mkaa, mia tano. Kutoka kwa jirani." Koplo akapiga chafya. "Si ndiyo hapo? Jirani ni Bi Pasi. Jiko ni la Bi Pasi. Na Jumamosi ukumbi mzima wa nyumba hii ulimsikia Bi Pasi akimwambia, 'Ipo siku moshi huu utakupalia.' Kama si makusudi, basi ni uzembe. Vyote viwili vina kifungo."

"Mia tano ya nini?"

"Ya hela, Afande. Mkaa wa mia tano, kopo moja. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua. Yeye kwingine kote ameandika nini?"

Koplo akarudisha kurasa nyuma, akilamba kidole. "Gramu. Kilo. Lita. Gramu..."

"Kuna hela popote?"

"Hakuna."

"Na safu ya mwisho?"

"Tupu. Tupu. Hapa pia tupu." Kidole kikashuka kwenye ukurasa wa Jumapili, kikasimama. "Hapa imeandikwa nne nukta moja sifuri."

"Mwandiko?"

"Maneno ni mawili tu, Afande, mkaa na jirani. Kwa maneno mawili hata mimi naweza kufanana na wewe."

Inspekta akachukua mizani kwenye msumari. Ukutani, chini ya msumari, palibandikwa karatasi yenye jedwali la viwango vya ofisi. Akaibandua taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Chumba cha Bi Pasi kilikuwa mlango wa pili. Kilinuka nguo safi na majivu. Pasi mbili za mkaa zilikaa chini ya meza kama kuku wanaoatamia, na gunia la mkaa lilisimama pembeni, mdomo wake umefungwa kwa uzi. Kwenye uzi huo kulikuwa na kikaratasi: *Kaya 17. Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Kilo 9.2.* Mwandiko wa Dada Mizani.

Walilitundika gunia kwenye ndoano. Mshale ukacheza, ukatulia.

"Tisa nukta tatu," Koplo alisema. "Limeongezeka! Hii mizani imerogwa."

"Ni unyevu. Mvua ya siku tano inaingia mpaka kwenye mkaa. Kopo moja lina uzito gani?"

"Kama kilo moja na nusu."

"Lingetoka humu, tungesoma chini ya nane."

Koplo akakuna kidevu. "Basi mkaa ulitoka kwingine."

"Na daftari linasema umetoka kwa jirani."

"Basi daftari linasema uongo."

"Daftari la mtu aliyepima mkate," Inspekta alisema, akafunga mlango.

* * *

Kwenye benchi la kituo, binti ya Bi Pasi alikuwa akinyonyesha. Alikuwa amekaa pale siku nne, kuanzia asubuhi mpaka wanapomfukuza, kitenge kimemfunika begani na mtoto wa miezi mitano ndani yake. Alipomwona Inspekta alisimama hivyohivyo, mtoto akiwa bado ananyonya.

"Afande, leo saa kumi ndiyo wanampeleka?"

"Kaa, mdogo wangu. Utamkaba mtoto."

"Mama ndiye anayemshika huyu nikienda kazini. Bila yeye sina pa kumwacha. Kazini nilipewa ruhusa mpaka jana." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama anayeomba msamaha.

"Jumapili mama yako alikuwa wapi?"

"Kwangu. Kuanzia asubuhi mpaka tukalala. Alirudi kwake Jumatatu alfajiri. Nimeshasema, wakaniambia mtoto wa mtuhumiwa si shahidi."

Koplo akatazama viatu vyake. Ni yeye aliyesema.

Bi Pasi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akitembea taratibu, mkono kiunoni. Umri wake ulikuwa kama sitini, na viganja vyake vilikuwa vimekakamaa kwa joto la miaka mingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaketi, akamtazama Koplo kuanzia kola mpaka mkanda. "Mwone na huyu. Nimewapigia pasi sare zenu miaka kumi na moja. Siku nne tu mmeniweka ndani, mmekuwa kama mmetafunwa na ng'ombe."

Koplo akajaribu kuunyoosha ukosi wake kwa kidole.

"Jumamosi mligombania nini?" Inspekta aliuliza.

"Kopo la mkaa. Nina wateja wawili mlangoni, pasi inapoa, naye anataka kupima. Nikamwambia, andika mkaa wa mia tano, uende zako. Akasema, 'Mama, mia tano haitoi moshi. Kilo ndiyo inayotoa moshi.' Akasema muuzaji wa huku anajaza kopo mpaka linamwagika, wa kule ameligongagonga kopo chini limebonyea, na wote wanachukua mia tano. Akanipimia gunia zima, kipande kwa kipande, na homa yake ile. Ndipo nikamwambia ipo siku moshi huu utakupalia. Maneno ya hasira. Jioni nilimpelekea maji niliyoyachemsha kwa makaa yaliyobaki ya pasi, anywee dawa. Hilo hawakulisikia, kwa sababu sikulisema kwa kelele."

"Jiko lako lilikuwa wapi Jumapili?"

"Ukumbini, linapokaa siku zote. Kila mtu anapita hapo."

"Angeweza kulichukua mwenyewe? Kulikuwa na baridi."

"Yule?" Bi Pasi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Yule alikuwa akiingia kwangu, kwanza anafungua dirisha, ndiyo anasalimia. Jumatatu niligonga na maji ya moto niliyotoka nayo kwa binti yangu, nikaingia, nikaona dirisha limefungwa. Nilijua kabla sijamshika."

Inspekta akaandika mstari mmoja kwenye kijitabu chake.

"Alikuwa na ugomvi na mtu mwingine?"

"Na mtu, hapana. Na mapipa, ndiyo. Kile kiwanda cha sabuni. Alisema kinachoma mapipa arobaini na sita ya mafuta machafu kwa mwezi, na kwenye karatasi za ofisini kwao kimeandikwa sifuri. Ameyahesabu mwenyewe, mchana kweupe, na moja amelipima. Alikuwa ayapeleke kwenye mkutano Jumatatu. Nikamwambia, mwanangu, achana na mapipa ya watu. Akasema, 'Mama, wewe unayelala njaa kwa kopo moja nakuandika, yeye nisimwandike?'"

"Hesabu hiyo aliiweka wapi?"

"Kwenye daftari la kijani. Alilala nalo chini ya mto."

Koplo na Inspekta walitazamana. Chini ya mto hapakuwa na kitu.

* * *

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi zote zimelowa nyayo za watu. Mkuu wa hesabu aliwapokea mwenyewe. Jengo zima lilimwita Asilimia, na ilikuwa rahisi kuona sababu.

"Pole na msiba," Inspekta alisema.

"Ahsante. Wapimaji wa mitaani walikuwa watatu. Tumepoteza asilimia thelathini na tatu kwa mpigo." Alikuwa mwembamba, shati lake limenyooka kwa mistari mikali, na kalamu tatu zimesimama mfukoni kwa kimo. "Karibuni. Nilidhani jambo hili limekwisha. Nimesikia mama yule mko naye."

"Limebaki la karatasi tu. Mimi ni mtu wa wezi na walevi, hizi hesabu zenu sizijui. Nieleze kama unamweleza mtoto."

Asilimia alifurahi kuombwa. Akavuta kiti, akaikunjua karatasi kubwa. Watu hawajui wamechoma kilo ngapi, alisema, lakini wanajua wamelipa nini. Kwa hiyo ofisi inachukua matumizi: familia imetoa kiasi gani kwa mkaa, kwa nauli, kwa nguo, kwa simu. Kila mia moja ina kiwango chake cha hewa ya ukaa. Unazidisha, unajumlisha, umemaliza. Viwanda navyo ni hivyohivyo, ila tarakimu zinarefuka.

"Na Dada Mizani alikuwa akipima kilo."

"Ushamba wake huo. Nilimwambia mara nyingi. Mtu mmoja na ndoano, anataka kushindana na jedwali!" Akatabasamu, akakumbuka msiba, akaacha.

"Kiwanda cha sabuni kiko kwenye jedwali?"

"Kipo. Kimepata cheti cha hewa safi mwaka huu. Nimekisaini mimi."

"Mafuta ya tanuri?"

Kidole cha Asilimia kilishuka kwenye karatasi bila kutafuta. "Sifuri."

"Hakichomi mafuta?"

"Hakinunui mafuta. Kuna mafuta machafu wanapewa bure na kampuni ndugu. Hakuna ankara. Bila ankara hakuna matumizi, bila matumizi hakuna hewa ya ukaa. Utaratibu ndivyo ulivyo."

"Marehemu alijua?"

"Nilimpigia Jumamosi, akasema ana jambo la mkutanoni. Akasema pia ana homa. Nikamwambia apumzike."

Mvua ikapiga kioo. Inspekta akaitoa ile karatasi ya viwango aliyoibandua ukutani, akaiweka magotini, akaitazama kama mtu aliyechoka.

"Bado sijaelewa vizuri. Chukua mfano mdogo. Mtu amenunua mkaa wa mia tano. Hiyo inakuwa hewa ya ukaa kilo ngapi?"

"Nne nukta moja."

"Hata hukutazama."

"Kiwango nimekiweka mwenyewe, nitatazama nini?"

"Mimi karatasi hii inaniambia nne na nusu. Kila mia moja, nukta tisa. Mara tano."

"Hiyo ya zamani." Asilimia akanyoosha mkono, akaigonga karatasi kwa kalamu. "Mkaa ulipanda bei wiki iliyopita. Hela ileile inanunua mkaa kidogo, basi na moshi unakuwa kidogo. Ilibidi kushusha. Nimeshusha Ijumaa jioni, wenzangu wamekwisha kwenda nyumbani."

"Kwa hiyo wote sasa wanatumia nne nukta moja?"

"Bado. Kiko kwenye kompyuta yangu tu. Nilikuwa nikitangaze kwenye mkutano wa Jumatatu."

"Mkutano ambao haukufanyika."

"Kwa sababu ya msiba."

"Kwa hiyo mpaka Jumapili, mtu pekee duniani aliyejua kwamba mkaa wa mia tano ni nne nukta moja alikuwa wewe."

"Mimi pekee," Asilimia alisema, na kwa nukta moja alionekana kujivunia.

Inspekta akaweka daftari mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa Jumapili. Macho ya Asilimia hayakwenda kwenye neno mkaa wala neno jirani. Yalikwenda moja kwa moja kulia, kwenye safu ya mwisho, kama yalivyozoea kwenda kila siku ya kazi, na hapo yakabaki.

"Gunia la jirani tumelipima," Inspekta alisema. "Halijapungua hata kipande. Na marehemu hakuwahi kuandika hela, na hakuwahi kujaza safu ya ofisi. Kama angejaza, angeandika nne na nusu."

Koplo alikuwa amesimama mlangoni, na safari hii hakuwa na chafya.

Asilimia akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lililonyooka. "Sikutaka kujaza ile," alisema mwishowe. "Nilikwisha kufunga daftari. Nikalifungua tena. Mstari ulikuwa hauna jibu."

"Daftari la kijani liko wapi?"

"Nimelichoma." Akavaa miwani yake. "Alikuwa amelala. Nilimwita mara mbili. Nilikwenda kuzungumza naye tu."

"Na kopo la mkaa mkononi?"

Koplo akasogea na pingu. Ngazini, kwenye kona ya pili, Asilimia alisimama akageuka, sauti yake ikiwa ya mtu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi: "Afande, mapipa yale hayanunuliwi. Ungemweleza mtu yeyote angeelewa."

"Shuka," Inspekta alisema. "Mapipa yanawaka."

* * *

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili mkuu wa kituo alisaini karatasi ya kumwachia. Hakuna aliyemwomba Bi Pasi radhi. Walimrudishia ufunguo wake, kanga yake na sarafu zake, wakamwambia aweke dole gumba hapa na hapa.

Inspekta alimfuata mwenyewe mahabusu. Bi Pasi alikuwa amesimama akitazama ukuta. Kwenye chokaa, usawa wa kifua, palikuwa na viduara vinne vilivyokwaruzwa kwa kifungo cha nguo.

"Hivyo ni nini, mama?"

"Siku. Mimi sikusoma. Yule dada alinifundisha hivi: kopo moja, mstari mmoja. Siku usiyowasha kitu, usiache tupu. Chora kiduara, nitajua ni sifuri. Alisema sifuri nayo ni hesabu." Akakigusa cha mwisho. "Siku nne sijawasha hata kiberiti. Nilidhani atapita kuandika. Halafu nakumbuka."

Nje, binti alimkumbatia mama yake, mtoto akabanwa katikati akalia, Bi Pasi akamchukua, naye mtoto akanyamaza papo hapo, mkono wake mdogo umeshika ncha ya kanga.

"Na kazini?" Bi Pasi aliuliza.

"Wameshaweka mtu mwingine."

Bi Pasi akatikisa kichwa mara moja. "Tutapiga pasi wote wawili. Sare za hapa zitatosha mwezi mzima, hebu zitazame."

Koplo akavuta tumbo ndani.

"Mwanangu," Bi Pasi akamgeukia Inspekta, "na yale mapipa? Daftari la kijani si limeungua?"

"Limeungua."

"Basi watabaki na sifuri yao."

Inspekta alikuwa amenakili arobaini na sita kwenye kijitabu chake, neno la mama mmoja asiyejua kusoma, alilolisikia kwa marehemu. Mawakili wa kiwanda wangelipuliza kama majivu. Hata hivyo alikuwa amelipigia mstari mara mbili.

Kwenye kaunta, chini ya vielelezo vingine, lilikuwa daftari namba kumi na saba, la Bi Pasi. Inspekta akalivuta, akatafuta ukurasa mweupe, akaomba kalamu. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Akaandika kwa herufi za mtu anayejifunza kazi mpya: Jumatatu, mkaa, kilo sifuri. Jumanne, mkaa, kilo sifuri. Jumatano. Alhamisi. Bi Pasi alisimama begani kwake, mjukuu mkononi, akifuata kalamu kwa macho mpaka siku ya nne.

Safu ya mwisho Inspekta akaiacha tupu.